Shilingi Imeonekana, Karamu Iko Wapi?

Ndugu zangu wasomaji, neno la leo limo katika Injili ya Luka, sura ya 15, na hata asiyeshika Injili atalielewa. Mwanamke ana shilingi kumi. Moja imempotea. Anawasha taa, anashika fagio, anafagia chumba kwa chumba, anainama kila pembe mpaka anaiona. Akishaiona haifungi kwenye pindo la kanga akanyamaza. Anawaita rafiki na majirani waje washangilie pamoja naye.

Tumehubiriwa sana juu ya mwanamke huyu, na karibu kila mara mahubiri huishia kwenye fagio. Tunasifu taa yake, tunasifu bidii yake, tunaitika amina na kwenda zetu. Karamu tunaiacha palepale. Mimi leo nahubiri karamu.

Kwa maana ni miaka hamsini sasa watu wanafagia nyumba ya fasihi. Riwaya za wanawake wa karne ya 20 zilizokuwa zimefunikwa na vumbi zimeokotwa moja baada ya nyingine. Zimechapwa upya, zimevikwa majalada mazuri, zimeandikiwa dibaji na maprofesa. Na sisi tumefanya nini? Tumetoa rambirambi. Tunakishika kitabu dukani, tunasoma nyuma ya jalada jinsi mwandishi alivyodhulumiwa, tunatikisa kichwa, tunasema "masikini, mama wa watu," tunakirudisha. Au tunakinunua kutimiza wajibu, tukakisimamisha rafuni mpaka siku ya kuhama nyumba.

Hayo ni maziko ya pili. Nasema na narudia: wanawake hawa msiwasome kwa huruma. Wasomeni kwa raha. Hawakuandika ili mje muwalilie. Waliandika ili mcheke, mshtuke, mkeshe, msahau sufuria jikoni mpaka wali ushike moto. Raha hiyo ndiyo haki yao ya kwanza, na ndiyo deni ambalo bado hatujalilipa.

Kwanza: shilingi ilipotelea ndani

Mwanamke wa Luka hakuibiwa. Shilingi yake haikuchukuliwa na mwizi wala haikuzama baharini. Ilikuwa humo humo ndani, na watu wakipita juu yake. Tunapenda kudhani kwamba kitabu kizuri hupotea kwa mkono wa dhalimu: serikali imekipiga marufuku, askari wamekichoma uwanjani. Mara nyingi haiwi hivyo. Hupotea kwa mambo madogo yasiyo na mwenyewe: uhakiki mmoja wa kejeli, mchapishaji aliyepiga hesabu za mauzo, mtu aliyetaka kusafisha nyumba.

Mtazameni Zora Neale Hurston. Alizaliwa mwaka 1891 huko Alabama, Marekani, akakulia Eatonville, Florida, mji mdogo ulioendeshwa na watu Weusi wenyewe. Baba yake alikuwa mhubiri wa Kibaptisti na aliwahi kuwa meya wa mji huo. Mwaka 1936, akiwa Haiti kutafiti mila na dini za watu, Zora aliandika riwaya ya *Their Eyes Were Watching God* kwa wiki saba tu. Ilitoka mwaka 1937. Richard Wright akaihakiki, akasema haina dhamira wala ujumbe, na kwamba kazi yake ni kuwachekesha Wazungu. Miaka mitatu baadaye Wright huyo akatoa riwaya yake ya *Native Son*, akawa jina kubwa kabisa katika fasihi ya Weusi wa Marekani. Na mkubwa akishasema, wengi huona hakuna haja ya kwenda kujionea.

Kitabu kikadorora, kisha kwa miaka mingi kikawa hakipatikani. Mrabaha mkubwa kuliko wote ambao Zora aliwahi kuupata kwa kitabu kimoja ulikuwa dola 943.75. Mwaka 1950 alikuwa mtumishi wa ndani katika nyumba ya matajiri huko Miami. Mwaka 1960 akafariki katika makao ya maskini mjini Fort Pierce. Watu wakachangishana, wakamzika, na kaburi halikuwekwa jiwe.

Sasa sogeeni mwone jambo moja kwa karibu. Baada ya kifo chake, waliokuwa wakisafisha nyumba aliyoishi walitoa makaratasi yake nje wakayatia moto. Barua, miswada, kazi ya miaka. Akatokea Patrick Duval, askari msaidizi wa polisi wa wilaya, mtu aliyemfahamu Zora. Alipoona moshi alisimama, akavuta mpira wa maji, akauzima moto. Karatasi zile zimehifadhiwa mpaka leo katika Chuo Kikuu cha Florida, nyingine kingo zake zimeungua. Miongoni mwazo ulikuwamo mswada juu ya Mfalme Herode. Mswada huo umekuwa kitabu mwaka 2025.

Moto ule, ndugu zangu, haukuwashwa kwa chuki. Uliwashwa kwa usafi. Waliouwasha walikuwa wakifanya kazi yao. Basi kila mmoja wetu ajiulize ni daftari gani la mama, la shangazi, la bibi, lililoishia kwenye jaa siku ya kugawana vyombo bila mtu kulifungua.

Wengine walipotea wakiwa hai. Barbara Pym, Mwingereza, alichapisha riwaya sita kati ya mwaka 1950 na 1961. Mwaka 1963 mchapishaji wake akaikataa ya saba. Akaipeleka kwingine, nako ikakataliwa. Hakuna aliyemfunga, hakuna aliyemtukana. Aliambiwa kwa adabu zote kwamba vitabu vya aina yake haviuziki tena. Ikapita miaka 16 bila riwaya yake mpya madukani. Jean Rhys, mzaliwa wa kisiwa cha Dominica, alisahauliwa kiasi kwamba watu walidhani amekufa. Mwaka 1949 mwigizaji mmoja alilazimika kutangaza gazetini kwamba anamtafuta, na Rhys akajitokeza, mzima. Alipotoa *Wide Sargasso Sea* mwaka 1966 alikuwa amepita miaka 70. Tuzo zikaja. Yeye akasema zimechelewa mno.

Sikilizeni hilo, enyi mnaosema kitabu kizuri hakiozi, kitasomwa siku yoyote. Kitabu labda hakiozi. Mwandishi anazeeka, anasubiri barua ya posta, anakufa.

Pili: taa haijiwashi

Agosti mwaka 1973 mwandishi kijana, Alice Walker, alikwenda Florida kulitafuta kaburi la Zora. Ili wenyeji wamfungulie milango alijidai kuwa ni mpwa wa marehemu. Makaburi yenyewe yalikuwa yamemezwa na majani yaliyofika kiunoni, na Walker alihofia nyoka. Akaingia hivyo hivyo. Alipochoka kutafuta akaita kwa sauti, "Zora!" Mara mguu ukazama katika shimo, mahali ardhi ilipokuwa imetitia kwa umbo la mstatili. Akaridhika kwamba ndipo hapo. Akanunua jiwe kwa uwezo aliokuwa nao.

Na jiwe lile lina kosa la kuchekesha. Limeandikwa kwamba Zora alizaliwa mwaka 1901. Zora alikuwa amejipunguzia miaka kumi mwenyewe! Mwaka 1917, akiwa na miaka 26, alitaka kuingia sekondari ya bure huko Baltimore, akasema ana miaka 16, wakamwamini, na hakuirudisha tena miaka ile. Hata jiwe la kaburi aliweza kulidanganya. Mtu kama huyu utamlilia vipi?

Mwaka 1975 Walker akaisimulia safari ile katika jarida la *Ms.* Wakati huo walimu wa vyuo walikuwa tayari wakipeana nakala za fotokopi za riwaya ya Zora, kwa kuwa kitabu chenyewe hawakukipata cha kuwatosha wanafunzi. Mwaka 1978 Chuo Kikuu cha Illinois kikaichapa upya. Leo inasomwa na mamilioni.

Taa nyingine ziliwashwa kwingine. Huko London, mwaka 1973, Carmen Callil alianzisha shirika la uchapishaji la Virago, na kuanzia mwaka 1978 likatoa mfululizo wa riwaya za wanawake zilizosahauliwa, vitabu vyenye migongo ya kijani ambavyo wasomaji walivitambua kutoka mlangoni mwa duka. Mwaka 1999 Nicola Beauman akaanza Persephone, yenye majalada ya kijivu. Januari 1977 gazeti la *Times Literary Supplement* liliwauliza waandishi ni nani hajapewa heshima anayostahili katika karne nzima. Wawili, mshairi Philip Larkin na Lord David Cecil, wakamtaja mtu mmoja: Barbara Pym. Mwaka huohuo *Quartet in Autumn* ikachapwa na kuingia katika orodha ya mwisho ya Tuzo ya Booker.

Na Irène Némirovsky? Alikamatwa Ufaransa Julai 1942 na kufia Auschwitz mwezi uliofuata. Binti zake wawili, wakihamishwa kutoka maficho hadi maficho, walibeba sanduku lenye mswada wa mama yao. Kwa miaka mingi hawakuthubutu kuusoma, wakidhani ni kumbukumbu zake za siku za mwisho. Ulikuwa riwaya, *Suite française*. Ilitoka mwaka 2004 na kupewa Tuzo ya Renaudot, miaka 62 baada ya aliyeiandika kuuawa.

Kwetu nako fagio limepita. Mwaka 2007 ilitoka juzuu nene ya maandishi ya wanawake wa Afrika Mashariki katika mradi wa *Women Writing Africa*. Miongoni mwa wahariri wake walikuwamo Amandina Lihamba, Saïda Yahya-Othman, Naomi Shitemi na M. M. Mulokozi.

Waangalieni wafagiaji hao mmoja mmoja. Askari mwenye mpira wa maji. Walimu waliopanga foleni kwenye mashine ya fotokopi. Mabinti wenye sanduku. Mshairi aliyeulizwa swali na gazeti akajibu kwa dhati. Hakuna waziri hapo, hakuna tajiri. Kwa hiyo asiniambie mtu kwamba kazi hii inangoja wizara.

Tatu: karamu

Hapa ndipo nilipokuwa nikija, na hapa nitakaa.

Fungueni kitabu cha Zora. Mwanamke wa miaka arobaini hivi, Janie, anarudi Eatonville jioni akiwa amevaa ovaroli iliyochakaa, na baraza zima linamsengenya anavyopita. Rafiki yake Pheoby haongezi neno katika masengenyo. Anachukua bakuli la wali, analifunika, anamfuata nyuma ya nyumba. Janie anakula, ananawa miguu, na giza likishaingia anaanza kusimulia. Riwaya nzima ni hiyo: marafiki wawili, wali, na maneno ya usiku. Nani kati yetu hajawahi kukaa katika mazungumzo ya namna hiyo mpaka adhana ya alfajiri?

Na baraza lenyewe! Eatonville ina duka, na mbele ya duka kuna baraza, na barazani kuna wanaume wanaotunga uongo kwa ufundi mkubwa. Wanamcheka mzee mwenye nyumbu aliyekonda, na nyumbu huyo anapokufa mji mzima unamfanyia mazishi. Jody Starks, meya na mume wa pili wa Janie, anapanda juu ya tumbo la nyumbu lililovimba, analifanya jukwaa, anatoa hotuba ya kumlilia marehemu. Watu wakishaondoka, tai wanashuka na kufanya ibada yao wenyewe, wakiwa na kasisi wao, kabla ya kuanza kula. Hayo yameandikwa na binti wa mhubiri! Someni ukurasa huo mkiwa peke yenu, maana mkiwa ndani ya daladala watu watawaangalia.

Janie hakuruhusiwa kwenda kwenye mazishi yale. Mume wake amemkataza kukaa barazani na watu, amemwamuru afunge nywele kwa kitambaa, amemfanya asimame nyuma ya kaunta miaka nenda miaka rudi akinyamaza. Kisha inafika siku. Mteja anataka kipande cha tumbaku, Janie anakikata vibaya, na Jody anamkebehi mbele ya watu: umri wake, umbo lake, mpaka anavyotembea. Wanaume wanacheka. Janie anajitokeza katikati ya duka na kumjibu. Maneno yale sitayachapa hapa, maana mahubiri haya yatasomwa na watoto. Inatosha kusema kwamba yanahusu suruali ya meya na kisichoonekana ndani yake. Kicheko kinakatika ghafla, na Jody, mtu wa hotuba, anakosa la kusema. Anampiga kwa nguvu zake zote na kumfukuza dukani. Lakini neno limekwishatoka, na tangu siku hiyo mamlaka yake mjini hayarudi.

Kisha anakuja Tea Cake, mwanamume aliye mdogo kuliko Janie, mcheshi, hana mali. Anaingia dukani, anapanga dama, anamwambia njoo tucheze. Janie hajui kucheza, kwa sababu katika miaka yote ya ndoa hakuna aliyewahi kufikiri kwamba angependa kucheza. Moyo unamwaka. Hapo ndipo mapenzi yanapoanzia: mtu ameona kwamba na yeye anaweza kufurahi. Baadaye yatakuja mashamba ya maharage ya Everglades, na kimbunga cha Ziwa Okeechobee cha mwaka 1928, na mbwa. Mwisho siwaambii. Kausomeni.

Mkimaliza hapo, mwendeeni Barbara Pym. Miaka yote ile ya kukataliwa mpaka alipostaafu mwaka 1974, alikuwa akifanya kazi katika Taasisi ya Kimataifa ya Afrika huko London, akihariri jarida na maandishi ya wanaanthropolojia. Taasisi hiyo ndiyo iliyotoa, mwaka 1961, kitabu cha A. H. J. Prins kuhusu Waswahili wa Zanzibar na pwani yetu. Basi wakati mabwana na mabibi wale walikuwa wakituchorea koo na kutuandikia mila, kulikuwa na mhariri mmoja mpole kwenye meza ya pembeni anayewaandika wao. Katika *Excellent Women*, ya mwaka 1952, msimulizi wake Mildred Lathbury anapata jirani mwanaanthropolojia. Anahudhuria mkutano wa chama chao cha wasomi, anatazama wanavyokaa na wanavyogombea sifa. Sisi tulioandikwa na watu hao tuna haki kamili ya kucheka kwa sauti.

Mwenye kutaka kicheko chepesi zaidi amchukue Winifred Watson. *Miss Pettigrew Lives for a Day*, ya mwaka 1938, ni habari ya mwalimu wa watoto, mtu mzima, mshika dini, mwenye njaa, ambaye wakala wa kazi anamtuma nyumba siyo. Mlango unafunguliwa na mwimbaji wa klabu za usiku mwenye wanaume watatu, na kwa muda wa saa 24 mama wa watu anajikuta akitatua kesi zote za nyumba ile. Persephone walipokichapa upya mwaka 2000, Watson alikuwa hai, amepita miaka 90. Yeye angalau alipewa raha yake mkononi.

Na sisi wa Afrika tuna yetu. Mwaka uleule wa 1966 ambao Rhys alirudi duniani, Flora Nwapa wa Nigeria alitoa *Efuru*, na Grace Ogot, mzaliwa wa Asembo, Kenya, akatoa *The Promised Land* huko Nairobi. Ochola anataka utajiri wa ng'ambo ya mpaka, Tanganyika; mkewe Nyapol hataki kuhama. Wanahama. Wanalima, wanafanikiwa, na jirani mwenye wivu anamtupia Ochola ugonjwa: ngozi inaota miiba. Daktari Mzungu anajaribu kwa dawa zake zote na kushindwa. Ni hadithi ya kutisha ya kusomwa usiku wa mvua, na iliyoiandika ni kalamu ya mtu aliyesomea uuguzi, aliyeijua wodi na kumjua mganga.

Mtaniuliza

Mtu ataniambia: kufurahi namna hii si kuidharau dhuluma waliyotendewa? Jibu langu ni hili. Mtu unayemhurumia humbishii. Unakubali kila asemalo, unamaliza haraka, unaondoka. Mtu unayemfurahia utamgombeza: Zora, kwa nini Janie anamsamehe Tea Cake siku alipompiga? Pym, wanaume wako mbona wote wavivu? Utakasirika, utamrudia kesho. Hiyo ndiyo heshima ya msomaji kwa mwandishi. Na usiyempenda hata ukurasa wa hamsini, mweke chini kwa amani ushike mwingine. Huruma haiwezi kufanya hivyo.

Mwingine atasema: hayo ni mambo ya wanawake. Bwana, Patrick Duval hakuuliza kama moto ule ni wa kike. Na kama umepata kumpenda mke, mama au binti ukashindwa kujua anawaza nini, hapa yameandikwa waziwazi kwa bei ya sahani ya chipsi.

Mwingine atasema: ni Kiingereza kigumu. Kiingereza cha Zora ni cha barazani, kimeandikwa kama kinavyosemwa. Kisome kwa sauti, ulimi utakuelekeza. Na asiyetaka Kiingereza kabisa, sasa nageukia nyumbani kwake.

Shilingi za Kiswahili

Mwaka 1975 Ndyanao Balisidya alitoa *Shida*. Mwaka huohuo Martha Mvungi akatoa *Hana Hatia*. Zainab Burhani wa Zanzibar akaja na *Mali ya Maskini*, na mwaka 1987 na *Mwisho wa Kosa*. Mariama Bâ wa Senegal, aliyepewa Tuzo ya Noma ya kwanza kabisa mwaka 1980, amefika kwetu kwa Kiswahili kama *Barua Ndefu Kama Hii*. Niwaulize: mara ya mwisho kumwona mtu mzima, mwenye kazi yake na watoto wake, akisoma kimoja kati ya vitabu hivi kwa hiari yake, ilikuwa lini?

Wengi wetu tukikutana na vitabu hivi tulikutana navyo darasani. Na darasani tuliambiwa tuvifanye nini? Tuvipekue. Taja dhamira. Eleza ujumbe. Fafanua migogoro, falsafa, msimamo wa mwandishi. Toa hoja sita. Tukaandika, tukapewa alama, tukauza kitabu kwa kidato kilichofuata, au kikaishia kando ya barabara kwa wauza vitabu wa chini, wale ambao Nairobi wanaitwa "inama".

Ndugu zangu, mnaona? Dhamira na ujumbe ndivyo alivyovitafuta Wright kwa Zora mwaka 1937 akasema havimo. Alikuwa na orodha mkononi, akatia alama ya kosa, na nyumbu akampita, na dama ikampita, na Pheoby na bakuli lake la wali wakampita. Orodha ileile tumepewa sisi sote tukiwa na miaka kumi na sita, na tumetoka nayo shuleni mpaka leo. Tunamkuta Balisidya au Burhani, tunauliza ana ujumbe gani, tunajibiwa na mwongozo wa mitihani, na tunadhani tumesoma. Sina ugomvi na walimu. Mtihani una sheria zake. Nina ugomvi na mtu mzima aliyekwisha kufaulu au kufeli zamani, na bado anasoma riwaya akiwa na kalamu nyekundu kichwani.

Safari hii hakuna swali la kwanza (a). Hakuna msimamizi. Isome *Shida* kama unavyosikiliza habari za mtu wa mtaani kwenu. Mwonee mhusika hasira. Mcheke. Ruka maelezo yanayokuchosha, rudia mazungumzo yanayokupendeza, msomee mwenzako kitandani mstari mmoja hata kama amelala nusu. Ukikuta kosa la kusanifu, lione, na usonge mbele. Mwandishi hakukuandikia mtihani.

Basi inukeni

Wewe mwenye kikundi cha akina mama kinachokutana kila mwezi kuzungusha fedha: kabla ya kuhesabu michango, mmoja asome kurasa nne kwa sauti. Msisome zaidi ya nne. Acheni watu wakigombana juu ya kitakachofuata, na mwezi ujao watakuja mapema. Wewe mwenye kipindi cha redio, una dakika kumi za usiku ambazo sasa unazijaza kwa matangazo ya dawa za nguvu. Mpe msomaji mwenye sauti nzuri. Wewe kijana unayepita kwa wauza vitabu wa chini, inama kweli, pekua rundo lote, tafuta majina ya wanawake kwenye migongo iliyochanika. Wewe mchapishaji uliyekalia haki za riwaya ya miaka ya sabini isiyopatikana tena, kachape nakala mia tano tu, uone. Wewe mjukuu, kabla ya kusafisha chumba cha bibi, fungua yale madaftari. Na ukimwazima jirani kitabu akakaa nacho miezi mitatu, usimnunie. Kamwulize amefika wapi.

Msingoje wafe ndipo muwasome. Walio hai wako kati yenu, wengine wanakaa mtaa wa pili, wamechapisha riwaya moja miaka arobaini iliyopita na hakuna aliyewahi kubisha mlango kuwaambia kwamba ukurasa fulani ulimfanya acheke. Bisheni hodi wiki hii. Msiende na tuzo, nendeni na ukurasa huo mkiujua kwa namba.

Kitabu kimoja, mwezi huu, kwa sauti, mbele ya watu. Na atakayewauliza kuna faida gani, mvuteni kiti akae, kisha anzeni upya kutoka ukurasa wa kwanza.